Saa zinapopingana: jinsi wapelelezi wanavyopanga dakika za uhalifu

Katika kesi ya mauaji kila mtu huuliza ni nani aliyeua. Lakini swali linaloamua hatima ya mshitakiwa mara nyingi ni jingine: ilikuwa saa ngapi? Dakika kumi zinaweza kumtoa mtu kizimbani, au kumpeleka kitanzini. Na dakika hizo aghalabu hutafutwa katika saa zisizokubaliana, na katika kumbukumbu za watu ambao walipokuwa wakipita njiani hawakujua kwamba wangekuja kuulizwa.

Jambo hilo lilidhihirika katika kesi ya William Herbert Wallace, wakala wa bima wa mjini Liverpool, Uingereza.

Jumatatu tarehe 19 Januari 1931, mtu aliyejiita R. M. Qualtrough alipiga simu kwenye mkahawa ambako Wallace na wenzake walikuwa wakikutana kucheza sataranji. Wallace alikuwa hajafika. Mtu huyo akaacha ujumbe kwamba Wallace amfuate kesho yake, saa 1 na nusu usiku, katika nyumba nambari 25, Menlove Gardens East.

Jumanne jioni Wallace alifunga safari. Alikuta mitaa ya Menlove Gardens North, South na West, lakini East haikuwapo. Aliporejea nyumbani, yapata saa 3 kasorobo usiku, mkewe Julia alikutwa sebuleni, ameuawa kwa kupigwa kichwani.

Upande wa mashitaka ulidai kwamba Qualtrough alikuwa Wallace mwenyewe, na kwamba alimuua mkewe kabla ya kuondoka. Kesi yote ikaegemea hesabu moja: alikuwa na dakika ngapi za kutenda hayo?

Ncha mbili za kamba

Mpelelezi anayepanga muda wa tukio hutafuta kwanza nukta zisizotikisika, halafu hufunga mengine yote kwenye nukta hizo. Kwa Wallace, ncha moja ya kamba ilikuwa tramu. Ilithibitika kwamba saa 1 na dakika 6 usiku alikuwa akipanda tramu mbali na kwake. Polisi wakaisafiri njia hiyo mara kadhaa huku wakipima muda, wakafikia uamuzi kwamba hakuweza kuondoka nyumbani baada ya saa 12 na dakika 49 jioni.

Ncha ya pili ilikuwa legelege zaidi. Mtu wa mwisho kumwona Julia akiwa hai alikuwa mvulana wa miaka 14 aliyepeleka maziwa. Alisema alipita penye saa ya kanisa ilipokuwa saa 12 na dakika 25. Polisi wakatembea naye njia yake, wakahesabu kwamba alifika mlangoni saa 12 na dakika 31. Kwa hesabu hiyo Wallace alikuwa na takriban dakika 18.

Lakini watoto wenzake walisema kwamba siku iliyofuata mauaji walimsikia akitaja saa 1 kasorobo. Mvulana mwingine, aliyekuwa akisambaza magazeti, alisema naye aliitazama saa ile ile ya kanisa, ikionyesha saa 12 na dakika 35, na dakika mbili tatu baadaye akamwona wa maziwa mlangoni. Kwa ushahidi wake, dakika 18 zinapungua na kuwa kama 11. Kwa ule wa watoto, zinabaki 4 tu.

Katika muda huo muuaji alipaswa kuua, kujisafisha damu, kuvuruga nyumba ionekane imeibiwa, na kuficha silaha.

Hapa pana funzo ambalo wapelelezi wa leo hulizingatia sana. Wavulana wawili walitumia saa moja. Hata kama saa ya kanisa ilikuwa mbele au nyuma, kosa hilo liliwagusa wote wawili sawasawa, hivyo tofauti baina yao si kosa la saa, bali la kumbukumbu. Lakini mara tu saa ya kanisa inapolinganishwa na saa ya tramu, kosa lolote lililomo huingia moja kwa moja katika hesabu. Ndiyo maana haitoshi kuuliza shahidi aliona saa ngapi. Lazima kuuliza pia aliiona katika saa ipi.

Maiti nayo si saa sahihi. Profesa aliyeuchunguza mwili wa Julia alitegemea kukakamaa kwa viungo, akakadiria kwamba alikufa kama saa nne kabla ya uchunguzi, yaani karibu na saa 12 jioni. Lakini Julia alikuwa amezungumza na mvulana wa maziwa baada ya hapo. Kukakamaa kwa mwili huenda upesi au polepole kwa kutegemea baridi, umbo la mtu na mambo mengine. Huonyesha kipindi tu, si dakika.

Mwezi Aprili 1931 Wallace alipatikana na hatia na kuhukumiwa kunyongwa. Mwezi uliofuata, mahakama ya rufaa ilifuta hukumu hiyo kwa sababu ushahidi uliotolewa haukuweza kuihimili. Wallace alifariki dunia mwaka 1933. Muuaji wa Julia hajathibitishwa hadi leo.

Saa ya tukio na saa ya taarifa

Vyombo vya kisasa vimepunguza tatizo hili, ila havijaliondoa. Baada ya mashambulizi ya mjini London ya tarehe 7 Julai 2005, yaliyoua watu 52, taarifa za awali zilieleza kwamba milipuko mitatu ndani ya treni za chini ya ardhi ilitokea saa 2 na dakika 51, saa 2 na dakika 56, na saa 3 na dakika 17 asubuhi. Siku mbili baadaye polisi walisahihisha. Kumbukumbu za mitambo ya reli zilionyesha kwamba yote mitatu ilitokea karibu saa 3 kasoro dakika 10, katika muda wa sekunde 50.

Tofauti hiyo ilikuwa nzito. Milipuko inayopishana kwa karibu nusu saa yaweza kuwa kazi ya kundi linalohama kutoka kituo hadi kituo. Milipuko ya pamoja ni mpango wa watu kadhaa walioagana muda.

Kwa sababu hiyo, polisi wanapochukua picha za kamera ya dukani, jambo la kwanza ni kulinganisha saa ya kamera na saa ya kuaminika, na kuandika imepishana nayo kwa kiasi gani.

Saa ya Kiswahili ugenini

Kwa Waswahili wanaoishi ng'ambo, kuna hatari nyingine. Shahidi akisema "saa mbili usiku", anakusudia saa ambayo Wazungu huiita ya nane. Mkalimani asiye makini akitafsiri neno kwa neno, ushahidi unasogea kwa saa sita nzima, na msema kweli anaonekana mwongo.

Dawa yake ni nyepesi. Shahidi ataje sehemu ya siku, aeleze anahesabu kwa mtindo upi, na aombe asomewe maelezo yake kabla ya kutia saini. Afadhali zaidi aifunge kumbukumbu yake kwenye jambo linaloweza kuhakikiwa. Mtu wa Muscat au Dubai anayesema "ilikuwa mara tu baada ya adhana ya magharibi" ametoa ushahidi mzuri, kwa kuwa wakati wa adhana katika mji na tarehe hiyo unajulikana. Vivyo hivyo kwa basi lililokuwa likiondoka, au simu iliyopigwa na kubaki katika kumbukumbu za kampuni.

Na asiyekuwa na hakika aseme "kati ya saa fulani na saa fulani". Mahakama inaweza kufanya kazi na kipindi kipana kilicho cha kweli. Dakika moja ya kubahatisha, ikishaandikwa kwenye jalada la polisi, ni vigumu kuiondoa.