Tuzo za Uandishi na Sanaa

Maana ya tuzo
Tuzo ni heshima anayopewa mtu kwa kazi ambayo waamuzi wameipima na kuiona bora kuliko nyingine zilizoshindanishwa nayo. Huambatana na cheti, fedha au vyote viwili. Marekani, Tuzo za Pulitzer, zilizoanza kutolewa mwaka 1917, hujumuisha uandishi wa habari, fasihi, tamthilia na muziki. Kwetu Tanzania nyanja hizi zina tuzo tofauti. Waandishi wa habari wana EJAT, inayosimamiwa na Baraza la Habari Tanzania pamoja na wadau wake. Wanamuziki wana Tuzo za Muziki Tanzania. Na waandishi wa fasihi wana Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu.

Mfano: Tuzo ya Mwalimu Nyerere
Kama unasoma Bweri, mjini Musoma, mwenye jina hili ni jirani yako. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Pamoja na uongozi, alitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, mojawapo ikiwa Mabepari wa Venisi. Tuzo yenye jina lake huratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, na ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kumbukizi ya kuzaliwa kwake. Ilianza na riwaya na ushairi, kisha ikaongeza tanzu nyingine.

Umuhimu wa tuzo
(a) Hufungua njia ya uchapishaji. Wachapishaji wengi hutegemea vitabu vya shule kwa kuwa vina soko la uhakika, hivyo mswada wa mwandishi asiyejulikana huweza kukaa kabatini miaka mingi. Tuzo ya Nyerere hushindanisha miswada ambayo bado haijachapishwa, na mshindi wa kwanza hugharimiwa uchapishaji.
(b) Humpa mwandishi kipato na moyo wa kuendelea kuandika.
(c) Huvuta wasomaji na wafasiri. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alichapisha riwaya yake Paradise kwa Kiingereza mwaka 1994. Alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, na mwaka 2022 riwaya hiyo ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi.

Zingatia
Tuzo si kipimo pekee cha ubora. Waamuzi ni wachache, na hupima kazi zilizowasilishwa tu. Kwa hiyo, katika mtihani usiandike kwamba kazi fulani ni bora “kwa sababu ilishinda tuzo”. Thibitisha ubora wake kwa fani na maudhui, ukitoa mifano kutoka kitabuni.

Maswali ya marudio
1. Eleza tofauti kati ya Tuzo za Pulitzer na tuzo za Tanzania kwa upande wa nyanja zinazoshindanishwa.
2. “Bila tuzo, miswada mingi mizuri isingesomwa.” Jadili kwa hoja nne.
3. Chagua riwaya au tamthilia uliyosoma darasani. Ungekuwa mwamuzi, ungeipa tuzo? Tetea uamuzi wako kwa kutumia fani na maudhui.