Ringi: Chuma Chembamba Kinachozuia Bimu Kukatika

Tarehe 17 Agosti 1955, sehemu ya paa la ghala la Jeshi la Anga la Marekani mjini Shelby, jimbo la Ohio, iliporomoka. Takriban mita za mraba 370 za zege zilishuka kwa mkupuo. Ilikuwa katikati ya majira ya joto, kwa hiyo juu hapakuwa na theluji. Bimu zilizokatika zilikuwa na kimo cha sentimita 91, na zilikuwa zimebeba uzito wa paa lenyewe tu. Ajabu zaidi, hesabu za wasanifu hazikuvuka mipaka iliyowekwa na kanuni za zege za Marekani za wakati ule.

Pale zilipokatikia, bimu hizo hazikuwa na ringi.

Fundi wa nondo wa Dar es Salaam au Nairobi anazijua ringi vizuri, maana ndizo zinazomla muda. Huchukua nondo nyembamba, mara nyingi ya milimita 8, akaikunja kwenye benchi la mbao lililopigiliwa misumari minene mpaka iwe mstatili, kisha akazipinda ncha zake mbili ziingie ndani. Halafu huzivisha ringi hizo kwenye nondo kuu, moja baada ya nyingine, na kuzifunga kwa waya laini. Bimu ya mita nne tu inaweza kumeza ringi ishirini.

Kazi ya nondo kuu ni rahisi kuielewa. Bimu ikibebeshwa mzigo hupinda, upande wake wa chini ukavutwa. Zege ni hodari wa kubanwa lakini ni dhaifu likivutwa: uwezo wake wa kuhimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi tu ya uwezo wake wa kuhimili mgandamizo. Basi nondo za chini hubeba mvuto huo.

Karibu na nguzo mambo hubadilika. Hapo mzigo wa bimu unakusanyika ili uteremke kwenye nguzo. Upande mmoja umeegemea, upande wa pili unasukumwa chini. Hiyo ndiyo nguvu ya kukata. Ndani ya zege, nguvu hiyo huzaa mvuto wa mshazari, na ufa unaotokea hupanda kwa ulalo wa karibu nyuzi 45, kutoka chini karibu na nguzo kwenda juu kuelekea katikati ya bimu. Nondo kuu, kwa kuwa zimelala, haziwezi kuuzuia ufa huo peke yake. Ringi imesimama wima, hivyo ufa hauna budi kuikata njiani.

Chukua bimu ambayo nondo zake za chini ziko sentimita 40 kutoka uso wa juu. Ufa wa nyuzi 45 ukipanda kimo hicho, utasafiri pia sentimita 40 kwa mlalo. Ringi zikipangwa kila sentimita 20, ufa utakutana na mbili. Zikiachanishwa sentimita 50, ufa unaweza kupenya katikati yake bila kugusa hata moja, na ringi zote zikawa mapambo. Ndiyo maana kanuni huweka ukomo wa nafasi: kwa BS 8110, kanuni ya Uingereza iliyotumiwa kwa miaka mingi Afrika Mashariki, nafasi haikupaswa kuzidi robo tatu ya kimo hicho, yaani sentimita 30 kwa bimu yetu. Karibu na nguzo, ambako nguvu ya kukata ni kubwa zaidi, ringi husogezwa zikaribiane zaidi.

Ringi moja hubeba kiasi gani? Ya milimita 8, yenye miguu miwili na iliyotengenezwa kwa chuma laini cha kawaida, huhimili karibu tani mbili na nusu kabla ya kuanza kunyumbuka. Si haba kwa kitu chenye unene wa penseli.

Wazo lenyewe ni la zamani. François Hennebique, mjenzi wa Ufaransa, alitia vipande vya chuma vyenye umbo la U katika bimu alizosajilia hataza mwaka 1892. Mwaka 1899 mhandisi Wilhelm Ritter wa Zurich alieleza kinachotendeka ndani: bimu iliyopasuka hufanya kazi kama kenchi ya paa. Zege lililo kati ya nyufa ni viguzo vya mshazari vinavyobanwa, na ringi ni vyuma vya wima vinavyovutwa. Emil Mörsch wa Ujerumani aliliendeleza wazo hilo, na hadi leo wahandisi hulitumia kupigia hesabu.

Kilichowaponza wasanifu wa ghala la Shelby ni kuamini kwamba zege lenyewe, bila ringi, lina akiba ya kutosha. Katika maabara ya chama cha watengenezaji saruji huko Skokie, Illinois, watafiti walitengeneza mifano ya bimu hizo kwa theluthi moja ya ukubwa. Walipozivuta pia kwa urefu, kama zege linavyovutwa linaposinyaa au kupoa huku limezuiwa ncha zake, uwezo wa kuhimili ukataji ulishuka kwa karibu nusu. Katika ghala, viungo vilivyopaswa kuliacha paa lisinyae vilikuwa vimekwama.

Sababu nyingine ilifichwa na udogo wa majaribio. Mwaka 1967 Gaspar Kani wa Chuo Kikuu cha Toronto alichapisha matokeo ya bimu za vimo mbalimbali, hadi zaidi ya mita moja. Kadiri kimo kilivyoongezeka, ndivyo kila sentimita ya mraba ya zege ilivyobeba kidogo zaidi kabla ya kukatika. Katika bimu nene ufa hufunguka zaidi, na kokoto za pande mbili haziumani tena. Mwaka 2015 watafiti wa chuo hichohicho waliripoti jaribio la kipande chenye kimo cha mita 4: nusu yake haikuwa na ringi, nusu ya pili ilikuwa nazo chache mno. Upande wenye ringi ulibeba takriban mara tatu ya mwenzake.

Kukatika kwa namna hii kunaogopwa kwa sababu ya kasi yake. Bimu inayoelemewa kwa kupinda huonya: nondo zinanyumbuka taratibu, bimu inabonyea, plasta inadondoka, watu wanapata nafasi ya kutoka. Bimu isiyo na ringi inaweza kukatika muda mfupi tu baada ya ufa wa mshazari kutokea. Kwenye daraja la de la Concorde huko Laval, Kanada, watu watano walikufa tarehe 30 Septemba 2006, slabu nene isiyo na chuma cha kuzuia ukataji ilipokatika karibu na egemeo lake. Kulikuwa pia na nondo zilizowekwa mahali pasipo pake na zege lililochoka kwa barafu.

Jengo lililokwisha kumwagwa zege bado linaweza kuchunguzwa. Kifaa cha sumaku hupitishwa ubavuni mwa bimu na kuonyesha kila ringi ilipo. Zikionekana chache, bimu huweza kuvishwa vitambaa vya nyuzi za kaboni vilivyogandishwa kwa gundi, vikapita upande mmoja, chini, na upande wa pili. Tatizo ni kwamba slabu iliyo juu huzuia kitambaa kuizunguka bimu yote, na mara nyingi kitambaa hicho hubanduka kabla ya kufikia nguvu yake. Kwa hiyo inafaa ncha zake za juu zitiwe nanga ndani ya zege, zikikaa pale ambapo ncha za ringi zingekuwa zimekunjwa.