Moshi wa Boni, Vumbi la Somalia

Kaskazi ikishika, kati ya Disemba na Machi, upepo unaofika Mbwajumali umetoka mbali. Umevuka Bahari ya Arabu, umeambaa na pwani ya Somalia, na wakati mwingine umepita juu ya msitu wa Boni kabla ya kuvuka maji na kuingia kisiwa cha Pate. Miezi hiyohiyo ndiyo ya kiangazi, na huko bara wakulima husafisha mashamba kwa moto wakingojea masika. Basi siku mbingu inapofifia na upeo wa bahari ukapotea, aliye ufuoni hawezi kuamua kwa macho tu kama anavuta moshi, vumbi, au hewa nzito ya chumvi.

Setilaiti inaweza. Meteosat-9 ya Ulaya imetulia kilomita 36,000 juu ya ikweta, kwenye Bahari ya Hindi mkabala na Somalia, na hupiga picha kila baada ya dakika 15. Ustadi wake haumo katika ukali wa macho bali katika hesabu ya kutoa. Vumbi la jangwani lina silika, nayo silika humeza miale ya joto yenye urefu wa maikromita 10.8 zaidi ya ile ya maikromita 12. Wataalamu hutoa kipimo kimoja katika kingine, wakaipaka tofauti hiyo rangi ya waridi iliyokolea. Hapo vumbi huonekana likisafiri, mchana na usiku.

Moshi una tabia nyingine. Chembe zake ni ndogo mno, na miale ya joto huzipita kana kwamba hazipo. Moshi huonekana kwa mwanga wa jua tu, kama utando wa kijivu chenye ubuluu; jua likitua, hupotea pichani. Lakini kule kupenyeka kwake ndiko kunakoufichua moto ulio chini, kwa sababu miali ya moto hung'aa sana kwenye mawimbi ya karibu maikromita 4. Chombo kiitwacho VIIRS, kilichorushwa mwaka 2011 ndani ya setilaiti ya Suomi NPP, hutafuta mng'ao huo katika vipande vya ardhi vya mita 375. Shirika la NASA huweka alama za moto huo kwenye ramani ya FIRMS, iliyo wazi kwa yeyote mwenye simu, katika muda wa saa tatu hivi.

Ramani hiyo isiaminiwe kupita kiasi. VIIRS hupita mnamo saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto wa shamba uliowashwa baada ya alasiri na kuzimika kabla ya isha haumo. Wingu zito nalo hufunika kila kitu. Kubwa zaidi ni kwamba picha ya juu haisemi moshi uko kimo gani: huenda unapita kilomita tatu angani bila kumdhuru mtu, huenda umelala juu ya mapaa. Setilaiti ya CALIPSO ilipima vimo hivyo kwa leza kuanzia 2006 hadi 2023, na EarthCARE, iliyorushwa Mei 2024, inaiendeleza kazi hiyo. Lakini njia zao ni nyembamba, na siku nyingi hazipiti juu ya Pate.

Kwa mgonjwa wa pumu, tofauti hii ya moshi na vumbi si ya kitaalamu tu. Chembe nene za vumbi, nyingi hukwama puani na kooni. Za moshi, ambazo nyingi hazifiki maikromita moja, huzama hadi ndani kabisa ya mapafu. Kinachokosekana ni kipimo cha chini, pale watu wanapovuta pumzi. Naona pa kuanzia ni hospitali ya Faza, kisiwani humo Pate: kipima chembe kimoja ukutani, na daftari la wagonjwa wa kifua likisomwa tarehe kwa tarehe pamoja na alama za moto za Boni na waridi la Meteosat. Baada ya kaskazi chache, daktari ataweza kumwambia mama mwenye mtoto wa pumu ni siku zipi za kumweka ndani.