Bidhaa Zinapoadimika: Neno Sahihi kwa Dhiki Sahihi

Kiswahili kina msamiati mpana wa kueleza hali ya bidhaa kutotosheleza, na kila neno lina mpaka wake. Upungufu ni pengo kati ya kiasi kinachohitajika na kilichopo, kama ghala lililopaswa kupokea magunia 100 likapokea 80. Uhaba ni kuwapo kwa kitu kwa uchache usiowatosha wahitaji. Ukosefu ni kutokuwapo kabisa. Na kitu adimu ni kile ambacho ni vigumu kukipata hata kwa mwenye fedha mkononi. Neno adimu, lenye asili ya Kiarabu, hutumika kwa watu pia, ndiyo maana asiyeonekana mara kwa mara huambiwa ameadimika kama wali wa daku, yaani chakula cha usiku wa manane katika mwezi wa Ramadhani.

Watanzania walilizoea mno neno hilo mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, pale Vita vya Kagera vya 1978–1979, kupanda kwa bei ya mafuta duniani na upungufu wa fedha za kigeni vilipofanya sukari, sabuni na mafuta ya kupikia vitoweke madukani na watu wakeshe kwenye foleni. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alisimamia msako dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, yaani walioficha bidhaa ili waziuze kwa bei ya kuruka. Mwaka uliofuata masharti ya uagizaji yalilegezwa, na bidhaa zikaanza kurudi madukani.

Historia hiyo inaonyesha uzito wa viambishi viwili. Kitenzi kuadimika, chenye -ik- ya kauli ya kutendeka, hueleza hali bila kumtaja mtenda, ilhali kuadimisha, chenye -ish-, humdai mtenda. Hivyo kichwa cha habari kisemacho "sukari yaadimika" hakimwelezi msomaji kama kiwanda kimesimama, meli imechelewa au mtu ameifungia ghalani. Upungufu huondolewa kwa kuongeza kiasi, uhaba huhitaji pia mgao wa haki, na bidhaa iliyoadimishwa humhitaji aliyeificha awajibishwe. Wahariri na wasemaji wa Serikali hawana budi kuchagua neno linalolingana na hali halisi na kutaja chanzo chake, kwa kuwa mwananchi aliye kwenye foleni ana haki ya kukijua.