Hoteli ndogo za pwani: Zinanunua kidogo, lakini zinataka kila siku

WATALII wanaokuja pwani si wa aina moja. Wapo wanaofuata hoteli kubwa zenye mamia ya vyumba, muziki wa usiku na mabwawa ya kuogelea. Wapo pia wachache wanaolipa fedha nyingi zaidi ili wasisikie kitu isipokuwa mawimbi. Hawa hufikia hoteli ndogo zenye vyumba 7, 10 au 15, zilizojengwa kwa mawe, boriti na makuti, mbali na kelele za mji.

Hoteli za namna hii zipo Matemwe na Jambiani kisiwani Unguja, Utende kisiwani Mafia na Ushongo wilayani Pangani. Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo anayeishi jirani nazo, swali ni moja tu: fedha zinazolipwa kwa ajili ya utulivu huo zinaishia wapi?

Sehemu kubwa ya mboga na matunda yanayoliwa katika hoteli za Unguja huvushwa kutoka Tanzania Bara. Sababu mojawapo ni ardhi. Hoteli nyingi zipo pwani ya mashariki, ambako udongo ni haba na mawe ni mengi, wakati udongo wenye kina upo upande wa magharibi, sehemu kama Mwera, Dole na Kizimbani. Hata hivyo, sababu kubwa zaidi ni kwamba mkulima wa kijijini hupeleka mzigo siku aliyovuna, na hoteli huhitaji mzigo kila siku.

Hesabu ya trei moja

Mfano mzuri ni Chumbe, kisiwa kidogo kilichopo kusini-magharibi mwa mji wa Zanzibar. Eneo la matumbawe la kisiwa hicho lilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994, na baadaye vikajengwa vibanda 7 tu vya wageni. Mapaa yake ni ya makuti, maji ni ya mvua yanayokingwa kutoka paani, na umeme ni wa jua. Baadhi ya waliokuwa wavuvi walifundishwa kazi ya kulinda hifadhi na kuwaongoza wageni. Mwaka 2000 mradi huo ulipata tuzo ya Global 500 ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP).

Hoteli yoyote yenye vibanda 7, kila kimoja kikiwa na wageni wawili, ina wageni 14 inapojaa. Tuchukulie kila mgeni anakula mayai mawili asubuhi. Hayo ni mayai 28 kwa siku, karibu trei moja. Kwa wiki ni mayai 196, yaani trei sita na nusu. Mfugaji mwenye kuku 50 wa mayai waliotunzwa vizuri anaweza kuitosheleza hoteli hiyo na akabaki na ziada ya kuuza dukani.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba soko hili halihitaji shamba kubwa. Linahitaji mtu asiyekosa. Mpishi akikosa mayai siku mbili, siku ya tatu ataagiza mjini, na kumrudisha baada ya hapo ni kazi.

Kupanda kwa kalenda ya wageni

Wageni huwa wengi kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Desemba hadi Februari. Wakati wa masika, hasa Aprili na Mei, hoteli nyingi ndogo hufunga kwa matengenezo. Mkulima anayevuna letasi mwezi Mei atakosa mnunuzi, na mwenzake aliyepanda mapema Mei atauza mwishoni mwa Juni, kwa kuwa letasi huchukua wiki sita hadi nane.

Nyanya zinahitaji mipango ya mbali zaidi. Anayetaka kuvuna Julai hana budi kusia mbegu kitaluni mwishoni mwa Machi. Hapo miche itakutana na mvua za masika na magonjwa ya ukungu, hivyo kibanda cha nailoni cha kuikinga mvua ni gharama isiyokwepeka.

Aidha, mpishi wa hoteli hizi hutafuta vitu vinavyoharibika haraka ambavyo kusafirishwa kutoka mbali huvipunguzia ubora: nanaa, kotimiri, mchaichai, nyanya ndogo na letasi. Hapo ndipo mkulima wa karibu anapomshinda wa mbali. Viungo hivi huweza kuoteshwa hata kwenye ardhi ya mawe, ndani ya viroba vilivyojazwa udongo na samadi.

Kwa upande wa wavuvi, pweza, ngisi, changu na kamba kochi wana soko la uhakika iwapo watafika wakiwa kwenye barafu. Samaki aliyelala juani ndani ya ngalawa hata saa mbili hupunguziwa bei au hukataliwa.

Jengo nalo ni soko

Mgeni wa hoteli ya utulivu hununua pia sura ya mahali. Paa la makuti huoza baada ya miaka michache na kuezekwa upya, hivyo mwenye minazi na wanaosuka makuti hupata kazi inayojirudia. Zipo pia kamba za usumba, zinazotokana na makumbi yaliyofukiwa mchangani yakalainika, pamoja na mikeka na vikapu vya ukili. Boriti za mikoko zina tahadhari yake: mikoko inalindwa na sheria na haikatwi bila kibali. Hoteli makini itamdai muuzaji karatasi hiyo.

Nchini Kenya, mji mkongwe wa Lamu uliwekwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Katika kijiji jirani cha Shela, ambako Hoteli ya Peponi ilifunguliwa mwaka 1967, nyumba nyingi za mawe zimekarabatiwa na kupokea wageni. Kazi hiyo imewapa riziki mafundi wa chokaa na wachonga milango, kwani ufundi wao haupatikani kiwandani.

Mwani nao unastahili kutazamwa upya. Kilimo chake kilianza mwaka 1989 katika pwani ya mashariki ya Unguja, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Ukiuzwa mkavu kwa ajili ya kusafirishwa nje, bei huwa ndogo. Lakini Paje mwani hutengenezwa sabuni inayouzwa kwa watalii, na kipande kimoja cha sabuni huhitaji mwani kidogo sana.

Masharti yaandikwe

Kabla ya kuanza kuuza, yapo mambo matatu ya kukubaliana kwa maandishi: uzito na ubora, siku za kupeleka, na siku ya malipo. Baadhi ya hoteli hulipa mwisho wa mwezi, na mkulima asiye na akiba hushindwa kununua chakula cha kuku huku akidai. Njia nyepesi ni wakulima kujiunga, wakapokezana zamu ya kupeleka mzigo na kuwa na namba ya mlipakodi na stakabadhi, kwa kuwa mhasibu wa hoteli hawezi kulipa bila hati.

Lipo pia suala la ardhi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ushirikishwe kabla ardhi yake haijahamishwa, na fidia ikubaliwe kwanza. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Zanzibar ina sheria zake.

Mwenye kiwanja cha ufukweni anayekiuza hupokea fedha mara moja. Mwenye minazi, kuku na bustani ya nanaa jirani na hoteli hupokea kidogo kidogo, msimu hadi msimu, na ardhi hubaki kwa watoto wake. Ni vema kijiji kikapiga hesabu zote mbili kabla ya kutia saini.