Ini la Mtoto Hujengwa Tumboni



Wengi wetu husema chakula cha mama mjamzito ni kazi ya kliniki. Ni kazi ya chama pia, na yaliyowapata wafanyakazi wa Uholanzi yanatuonyesha.

Septemba 1944, Wajerumani wakiwa wameikalia nchi hiyo kwa vita, wafanyakazi wa reli wapatao 30,000 waligoma. Wajerumani wakalipiza kisasi kwa kuzuia chakula kisifike sehemu za magharibi. Mjini Amsterdam mgao wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Njaa iliendelea mpaka nchi ilipokombolewa Mei 1945.

Watoto waliokuwa tumboni walizaliwa, wakala, wakakua. Daftari za uzazi zilikuwa zimetunzwa, na walipofika miaka 50 hivi madaktari waliwatafuta wakawapima. Matokeo yalitangazwa mwaka 1998: baada ya kunywa maji ya sukari, sukari ilibaki nyingi katika damu yao kuliko ya wenzao. Hiyo ndiyo njia ya ugonjwa wa sukari.

Ini linahusikaje? Ini ni ghala. Tukila, hupokea sukari na kuiweka akiba. Tukikaa na njaa, huitoa. Huko Cambridge, Uingereza, katika miaka ya 1990, wataalamu waliwapa panya wenye mimba chakula chenye protini kidogo. Watoto wao walipokua, ini lao lilielekea kutoa sukari zaidi na kupokea kidogo, hata walipolishwa vizuri. Ghala lilijengwa kwa ajili ya njaa, nalo likabaki hivyo.

Si kila mtoto wa mama mwenye dhiki ataugua. Maisha ya baadaye nayo yana sehemu yake. Lakini angalieni mashambani kwetu. Mama huchuma tangu alfajiri kwa chai ya rangi, na mchana hula posho kwa chumvi. Tumbo limejaa, lakini mtoto hajapata cha kumjenga. Anahitaji maharage, karanga, dagaa, yai, maziwa na mboga za majani.

Tusimlaumu mama. Anajua maharage ni chakula. Mshahara ndio haufiki. Kwa hiyo tunapokaa mezani na mwajiri, tudai haya: chakula cha mchana chenye maharage au dagaa, kazi nyepesi kwa wajawazito bila kupunguziwa malipo, na ruhusa ya kwenda kliniki. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka mjamzito asilazimishwe kufanya kazi inayomdhuru yeye au mtoto, na apewe likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14.

Nanyi akina baba, mshahara ukitoka, sahani ya mama ipate haki yake kabla ya pombe.

Wajumbe wa matawi, liandikeni jambo hili katika ajenda ya mkutano ujao. Umoja ni nguvu.