Usiku wa Joto na Hesabu za Mkulima wa Kahawa

Kahawa ya arabika hustawi kwenye wastani wa nyuzijoto 18 hadi 22. Katika nyanda za juu za Tanzania, tishio kubwa kwake si jua la mchana bali usiku usiopoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikadiria kuwa kila nyuzijoto moja inayoongezeka usiku hupunguza mavuno kwa takriban kilo 137 kwa hekta, na wastani wa wakati huo haukufika kilo 300. Mibuni mizee na bei duni vimechangia pia kushuka kwa mavuno, lakini havifuti athari ya joto; vinaungana nayo.

Usiku wa joto, mbuni huteketeza sukari uliyoitengeneza mchana. Matunda huiva upesi na punje hudumaa. Ruhuka, mdudu anayetoboa punje, huzaliana haraka na kufika miinuko ambako zamani baridi ilimzuia.

Hasara haiishii mtini. Gharama za palizi, kupogoa na dawa hufuata ukubwa wa shamba, si uzito wa mavuno. Mavuno yakipungua nusu, kila kilo hugharimu karibu maradufu. Mkulima hubana mbolea na dawa, na msimu unaofuata mavuno hushuka tena.

Uhaba ungetarajiwa kupandisha bei. Lakini bei ya arabika huongozwa na soko la New York, na Tanzania haifikishi hata asilimia 1 ya kahawa ya dunia. Februari 2025 bei ilipovuka dola 4 kwa ratili, msukumo mkubwa ulikuwa ukame wa Brazil, na aliyefaidi ni mwenye kilo za kuuza.

Kuhamia juu zaidi Kilimanjaro hakuwezekani: vihamba, yaani mashamba ya familia, vinapakana na msitu ulioingizwa katika Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Kupanda upya kunawezekana, ila miche huchukua takriban miaka mitatu kabla ya kulipa. Asiye na akiba hung'oa mibuni, akapanda nyanya au mahindi.

Kwake uamuzi huo una mantiki. Kwa chama cha msingi cha ushirika, kilo zinapungua huku ghala, karani na mtambo wa kuchakata vikidai fedha zilezile. Makato kwa kilo hupanda, na wanaoyabeba ni majirani waliobaki na kahawa. Msimu ujao, wao pia watakuwa na sababu nzito zaidi ya kung'oa. Takwimu za taifa hazitaonyesha lolote, iwapo kahawa aina ya robusta ya Kagera itaziba pengo.